Mwenzako Anataka Nini

Askari mweusi alikuwa amesogea nyumba mbili mbele, na Maulida alijua fika kwamba si yeye aliyemsogeza.

Na Maulida akisema anajua, anajua. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya Buswelu, mtu wa daftari na kalamu, na mlezi wa klabu ya sataranji yenye wanafunzi kumi na wanne, nusu yao wakija kwa sababu ya maandazi. Asubuhi aliuacha ubao barazani, kete zote mahali pake, isipokuwa askari mmoja mweupe ambaye baba yake alikuwa amemtanguliza mbele ya mfalme. Sasa ni saa kumi alasiri, mkoba bado uko begani, na askari mweusi amesimama uso kwa uso na yule mweupe, katikati ya ubao, kama watu wawili waliokutana kwenye kichochoro na hakuna anayetaka kupisha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi?"

"Nimerudi. Huyu mweusi kamsogeza nani?"

Mzee Khalidi aliutazama ubao, akautazama na kiti cha upande wa pili. "Mgeni."

"Mgeni gani tena?"

"Si wewe uliniambia nicheze na mtu?"

Hapo Maulida akacheka, maana kweli alisema. Mzee Khalidi alikuwa fundi mitambo wa meli za mizigo ziwani kwa miaka thelathini, na tangu astaafu kichwa kilikuwa kimeanza kumtoroka kidogo kidogo: leo miwani, kesho siku ya wiki. Daktari alishauri kichwa kipewe kazi. Maulida akaleta ubao wa sataranji, akamfundisha kete zinavyokwenda, na kwa kuwa yeye alishinda shuleni kutwa, akamwekea viti viwili. "Ukicheza chako, inuka ukae kile kingine, ujifanye mtu mwingine kabisa," alimwambia. "Mchukulie kama yupo."

Mwanafunzi wa Buswelu angelifanya hilo bila shida. Lakini Mzee Khalidi alikuwa mtu wa mjini wa zamani, aliyezaliwa Mabatini hapohapo kati ya mawe na mabati, na mtu wa namna hiyo hakalii kiti alichomwekea mgeni, wala hanywi kahawa peke yake mbele ya mgeni. Kwa hiyo kila asubuhi alimimina vikombe viwili, akasogeza kimoja upande wa pili, akasema, "Karibu." Maulida alimwona akifanya hivyo wiki nzima. Alikwenda kuwasimulia walimu wenzake ofisini, wakacheka mpaka wakapaliwa na chai.

Sasa alikiangalia kile kikombe cha pili. Kilikuwa kitupu.

Maulida hakuamini wageni wasioonekana. Aliamini wapangaji. Chumba cha uani alikaa Revocatus, fundi simu mwenye kibanda stendi ya Buzuruga, kijana mpole kupita kiasi, na dirisha lake lilifungukia baraza. Mtu mwenye dirisha kama hilo, Maulida aliwaza, hana haja ya kuwa jini.

Akaamua kunyamaza na kuandika. Kila asubuhi alichora ubao kwenye daftari, kila alasiri akauchora tena. Siku ya tatu alikuwa tayari amemsoma mchezaji wa kete nyeusi kama anavyosoma karatasi ya mtihani, na karatasi hiyo ilikuwa ya mtu asiyejua kitu. Alimtoa malkia wake mapema, akazurura naye ubao mzima akiwinda askari mmojammoja. Alisogeza kete moja mara tatu huku nyingine zimelala nyumbani. Makosa yaleyale ya kidato cha kwanza.

Jioni, kama kawaida, walikaa barazani yeye na baba yake kwa somo.

"Baba, kwanza shika katikati. Anayeshika katikati anafika kokote. Pili, watoe farasi wako mapema, halafu maaskofu. Usimtoe malkia kabla ya wenzake, atakimbizwa kama kuku. Na mfalme mfiche mapema. Mfalme na ngome wanapishana hivi, mfalme anaingia kona, askari watatu mbele yake. Hao usiwasogeze ovyo."

"Sawa."

"Na kubwa kuliko yote. Kabla hujagusa kete, jiulize: mwenzangu anataka nini? Kala askari, sawa. Lakini anataka nini?"

"Mwenzangu anataka nini," alirudia mzee polepole, macho yake yakiwa kwenye kile kiti kitupu.

Kesho yake alasiri malkia mweusi alikuwa amerudi nyumbani. Farasi weusi wawili walikuwa wametoka. Siku iliyofuata mfalme mweusi alikuwa kona, askari watatu mbele yake, kama alivyofundisha. Na askari mmoja mweupe alikuwa ameliwa. Maulida alimtafuta chini ya viti, ndani ya mkeka, mpaka kwenye jiko la mkaa. Hakuwepo.

Jioni hiyo Revocatus alipopita na ndoo yake akasema, "Shikamoo, mzee," Mzee Khalidi alimjibu vizuri tu, kisha akamgeukia binti yake na kunong'ona: "Huyu kijana ni nani?"

"Baba! Revo. Miaka sita yuko hapa."

"Mimi simjui."

Maulida alimfuata Revocatus mpaka mlangoni kwake. "Unamfanyia nini baba yangu?"

"Mimi, dada?"

"Nakaa hapo nafundisha, wewe uko dirishani unasikiliza. Mchana unakuja kumchezea mzee wa watu. Na kete yangu umechukua."

"Dada Maulida, aisee, mimi hata drafti sijui. Mchana niko stendi, waulize mawakala wote." Kisha akashusha sauti. "Lakini tangu wiki iliyopita hilo dirisha nalifunga. Asubuhi kabla sijatoka nasikia kiti kinalia. Kama mtu mzito anakaa. Nikachungulia, nikamwona mzee peke yake, anacheka na mtu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeniambia nini? Si ungeniambia mimi ndiye?"

Hilo lilikuwa jibu la haki, na kwa sababu hiyo Maulida akazidi kumshuku.

Ijumaa akaja Shangazi Moza, dada wa Mzee Khalidi, na sato wake wawili kwenye kikapu kama ilivyo desturi yake. Siku hiyo farasi mweupe alikuwa ameliwa. Moza hakujua habari za farasi, alichojua ni kwamba kaka yake aliinuka kwa adabu, akamwambia, "Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Kikapu kikaanguka.

"Mimi ni Moza! Tumenyonya ziwa moja!"

"Nisamehe, mama," alisema mzee, na kweli alionekana kusikitika. "Labda nyumba ya pili."

Maulida alimpeleka shangazi yake jikoni, akamweleza kuhusu uzee, ubongo, na alichosema daktari. Moza alimsikiliza huku akijifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akavuta pumzi kwa pua.

"Hapa ndani kunanuka nini?"

"Samaki wako."

"Samaki wangu wa leo. Hii ni harufu ya matope. Matope ya chini kabisa, pale yanapooza magugu maji. Wewe unakaa mlimani, Maulida. Ziwa limepandaje huku?"

Akatoka barazani, akachukua kikombe cha mgeni, akakiinamisha. Chini palikuwa na tope laini jeusi, na ndani ya tope mkia wa dagaa.

"Jini," alisema Moza.

"Shangazi, tafadhali."

"Jini, na mmemkaribisha wenyewe. Tena na askofu mmemweka ndani ya nyumba ya Kiislamu!"

"Ni kipande cha mti, Shangazi."

Moza aliinamia ubao. "Kete zinaliwa, na watu wanamtoka kichwani. Mimi ni nani humo?"

Maulida alifungua daftari lake bila kutaka. Askari wa kwanza, na jioni ile Revocatus akasahauliwa. Askari wa pili, na Chenge mwenye duka akasahauliwa. Wa tatu, jirani aliyemkopesha ngazi. "Kama ni hivyo, na sisemi ni hivyo," alisema, "wewe ni farasi."

"Farasi! Miaka yote namletea samaki, mimi farasi?" Moza alifikiri kidogo. "Afadhali farasi kuliko askofu."

Jumatatu askofu akaliwa, na Mzee Khalidi hakumkumbuka tena Elias, aliyelala naye chumba kimoja cha meli miaka kumi na miwili. Jumanne ikaliwa ngome. Maulida aliporudi alimkuta baba yake sebuleni, amesimama mbele ya picha ya harusi, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa ofisini.

"Mwanangu," alisema, "huyu mwanamke mzuri hivi ni nani, na mbona nimemshika mkono?"

Alikuwa mama yake Maulida, marehemu Shamsa. Maulida alikwenda chooni, akafunga mlango, akafungulia bomba.

Jumatano hakwenda kazini. Alfajiri alinyunyizia unga wa ngano sakafu yote ya baraza, akafunga geti kwa kufuli, akajibanza sebuleni nyuma ya pazia akiwa na simu mkononi. Saa tatu baba yake alitoka, akauvuka unga bila hata kuutazama, akamimina kahawa vikombe viwili, akasogeza kimoja.

"Karibu."

Kiti kilicho kitupu kikalia. Kikalia kama kinavyolia kiti cha mbao mtu mnene anapojishusha taratibu, kwanza miguu, kisha mgongo, na unga uliozunguka miguu yake minne ukageuka kijivu, ukaanza kulowana, ingawa hapakuwa na unyayo hata mmoja uliokuja wala uliotoka. Maulida alibonyeza namba ya Revocatus bila kuondoa macho barazani, kwa sababu sehemu fulani ya kichwa chake, ile iliyosomeshwa kwa mkopo wa serikali, bado ilikuwa inatafuta mtu wa kumlaumu.

"Haloo, dada?" Nyuma ya sauti yake wapiga debe walikuwa wanaita abiria wa Magu na Bunda.

"Uko wapi, Revo?"

"Kibandani. Kuna nini?"

"Endelea kuongea."

"Niongee nini?"

"Chochote, Revo, usikate," alinong'ona, na Revocatus akaanza kusimulia habari za kioo cha simu ya mteja mmoja mkorofi, huku Maulida akitazama kikombe kikipungua bila kuinuliwa, kahawa ikishuka mstari kwa mstari, na ngome nyeusi ikianza kujikokota juu ya mbao, kwa sauti ya ukucha unaoparuza sufuria, polepole, ikiacha nyuma yake ujia mwembamba wa maji, mpaka ikasimama. Na baba yake, akitabasamu kama mtu aliyeambiwa neno zuri, akaitikia kwa kichwa.

Maulida alikata simu. Kisha akampigia Shangazi Moza, akamwambia, "Umeshinda. Mlete mtu wako."

Mtu wake alikuwa Mwalimu Yahaya wa Buzuruga, mwalimu wa madrasa, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuja na ubani wala kelele. Maulida alikuwa amejiandaa kumdharau. Akakosa pa kuanzia. Mwalimu Yahaya alikaa sebuleni, akauliza maswali kama karani.

"Nani alimkaribisha?"

"Baba. Lakini mimi ndiye niliyemwambia ajifanye mtu yupo."

"Mwalimu mwenzangu, wewe umesoma. Ukimwekea mtu kiti, ukammiminia kahawa, ukamwambia karibu kila siku ya Mungu, hapo unajifanya nini?"

Maulida alitazama viti viwili vya barazani.

"Naweza kumsomea leo akatoka," aliendelea Mwalimu Yahaya. "Lakini ameacha mchezo mezani, na mchezo wake haujaisha. Atarudi kuumaliza. Ukiisha, hana tena la kukalia."

"Na vilivyoliwa?"

"Sitakudanganya. Sijawahi kuona vilivyoliwa vikirudi."

"Na akishinda yeye?" aliuliza Shangazi Moza kwa sauti ya chini.

Mwalimu Yahaya alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Mfalme wa mzee ni nani?"

Wote waligeukia mlango wa chumba. Mzee mwenyewe alikuwa chumbani amejilaza, anaimba kitu cha zamani, na kila baada ya muda alikatisha wimbo kuita, "Maulida!" kwa ajili tu ya kusikia akiitikiwa.

Saa tisa alasiri Maulida alikaa kwenye kiti cha baba yake. Mwalimu Yahaya alikaa mlangoni na msahafu. Moza alikuwa ndani na mzee. Maulida alimimina vikombe viwili, akasogeza kimoja.

"Karibu."

Kiti kikalia. Harufu ya matope ikampiga usoni, nzito, baridi.

Akautazama ubao kwa muda mrefu. Nyeupe ilikuwa imebaki na malkia, ngome moja, askofu mmoja, farasi mmoja, askari wachache na mfalme. Nyeusi ilikuwa nono. Mchezaji wa pili hakuwa yule mbumbumbu wa mwanzo tena. Alikuwa amejifunza kila somo lililotolewa barazani hapo, neno kwa neno, mwanafunzi bora kuliko wote kumi na wanne. Mwenzangu anataka nini? Hilo halikuhitaji tena kuulizwa. Anataka kula. Swali lilikuwa kipi asichokijua.

Basi Maulida akapitia masomo yake kama anayepitia muhtasari wa muhula. Katikati alifundisha. Farasi alifundisha. Kumficha mfalme kona nyuma ya askari watatu, alifundisha. Lakini kumfungulia mfalme huyo tundu, askari mmoja asogee hatua moja ili siku ya siku apate pa kutokea, hilo alikuwa bado. Hilo alilipangia mwezi wa pili wa masomo. Na mfalme mweusi alikuwa pale kona, nyuma ya ukuta wake mwenyewe, amelindwa na ngome moja tu iliyobaki mstari wa nyuma, kwa kuwa ya pili pamoja na malkia walikuwa mbali, wanawinda askari. Ngome hiyo ikitoka, ngome nyeupe inaingia mstari wa mwisho, na mfalme hana pa kukimbilia.

Somo la pili ambalo hakulifundisha lilikuwa dogo zaidi: ukipewa kete kubwa bure, usile kwanza.

Ngome ile isingetoka kwa askari. Isingetoka kwa farasi. Alihesabu mara tatu, kama anavyowaambia wanafunzi, akitafuta njia nyingine, na mara zote tatu hesabu ikatoa jibu lilelile.

"Maulida!" aliita mzee kutoka ndani.

"Abee, Baba."

"Hapa ndani kunanuka. Njoo unifungulie dirisha."

"Shangazi atakufungulia."

"Nakutaka wewe."

"Nakuja, Baba."

Akamgusa malkia. Sheria ya sataranji ni kwamba kete uliyoigusa ndiyo unayoicheza, na aliyeifundisha sheria hiyo barazani ni yeye. Akamwinua, akamweka mbele ya ngome nyeusi, katika mstari ulio wazi, bila mlinzi. Akatoa mkono.

Kitu upande wa pili kikavuta pumzi. Haikuwa pumzi ya kifua kimoja, ilikuwa kama maji yanayorudi nyuma kwenye changarawe, yakivuta, yakivuta, na Mwalimu Yahaya mlangoni akapandisha sauti ya kisomo, na kikombe kikaanza kutetemeka kwenye kisahani chake, na ndani ya nyumba baba yake akaita, "Maulida," akaita tena, "Maulida, mwanangu, mbona," na ngome nyeusi ikaanza kujikokota kutoka mstari wa nyuma, ikiparuza mbao, haina haraka, ina uchu, mstari wa maji ukiifuata, nyumba moja, ya pili, ya tatu, na mzee akiita kwa sauti ya mtu anayeshika kamba ikimponyoka kiganjani, "Maulida, Maulida, Mau..."

Malkia hakuwepo tena. Ndani kukawa kimya.

Maulida alisogeza ngome nyeupe mpaka mstari wa mwisho, akaiweka chini taratibu.

"Mfalme wako hana pa kwenda," alisema. "Mchezo umekwisha. Nenda."

Kwa muda hakuna kilichotokea, na muda huo ulitosha kumfanya ashuku hesabu zake. Kisha kiti kikarushwa nyuma kikagonga ukuta, kikombe kikapasuka, na maji meusi yakatiririka kutoka chini ya kiti, yakavuka baraza, yakashuka juu ya mawe kuelekea bondeni, yakiburuta harufu yake yote. Redio ya jirani ikasikika. Ilikuwa inasikika muda wote, labda.

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu Yahaya, na akafunga msahafu. Hakumtazama Maulida usoni.

Mzee Khalidi alitokea mlangoni, Moza nyuma yake amejiziba mdomo kwa kanga. Alikuwa amesimama wima kuliko alivyosimama mwezi mzima. Macho yalikuwa meupe, makini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama kwa upole uleule anaomtazamia mtoto yeyote wa mtu. "Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Khalidi. Fundi wa meli."

Mzee akacheka, cheko lake la siku zote, la kutoka tumboni.

"Hapo wamekudanganya. Khalidi fundi wa meli ni mimi hapa, jina langu nalijua. Na mimi, mwanangu, Mungu hakunijalia mtoto."

Moza akaanza kusema kitu. Maulida akamtikisia kichwa.

"Basi nimekosea nyumba, mzee wangu," alisema.

"Hakuna neno. Jua bado kali. Kaa kidogo upumzike."

Maulida akakaa.